Mbwa akiburuza makalio, inua mkia kabla ya kununua dawa ya minyoo

Mhariri,

Katika maduka ya dawa za mifugo hapa Mbeya, mwenye mbwa akisema tu "anaburuza makalio chini", anakabidhiwa vidonge vya minyoo. Ni kweli tegu huwasha, na vipande vyake hubaki kwenye manyoya chini ya mkia kama punje za mchele. Lakini kama havionekani na mbwa alimeza dawa hivi karibuni, kidonge kingine ni hela ya bure. Mara nyingi tatizo liko kwenye vifuko viwili vilivyo pembeni mwa njia ya haja kubwa.

Inua mkia: vipo penye tarakimu 4 na 8 za uso wa saa. Majimaji yake hunuka shombo, na kinyesi kigumu kikipita huvibana yakatoka yenyewe. Mbwa akiharisha mara kwa mara, akinenepa kupita kiasi au akiwa na mzio wa ngozi, majimaji hubaki, huwa mazito na kuziba mfereji. Bakteria wakizaliana humo, usaha hujaa, kisha jipu hupasukia kwenye ngozi. Wengi wakiona kidonda hicho hudhani mbwa kang'atwa na mwenzake.

Dalili za mapema ni kujilamba sana, kuuma shina la mkia, kukaa na kunyanyuka ghafla, na kulia anapojisaidia. Paka huburuza kwa nadra. Yeye hulamba mpaka manyoya ya chini ya mkia yanaisha, au huanza kujisaidia mahali asipozoea.

Kukamua vifuko hivyo ni kazi ya mtaalamu. Mbwa hufungwa mdomo kwanza, maana maumivu humfanya ang'ate hata mwenye mbwa. Kwa glavu na kilainishi, kidole cha shahada huingia ndani, dole gumba hubaki nje, kifuko hubanwa taratibu kuelekea kwenye tundu. Kisipotoa kitu kisilazimishwe, kitapasukia ndani. Kukiwa na usaha au damu, husafishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, na daktari huamua antibiotiki. Kifuko chenye tatizo linalojirudia kila mara huondolewa kwa upasuaji. Vifuko visivyo na tatizo viachwe. Kuvikamua kila wiki huviumiza bure.

Wakati wa kusubiri daktari, kanda jipu ambalo halijapasuka kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu, dakika 10 hadi 15, mara 2 au 3 kwa siku. Usimwagie maji ya betri wala mafuta ya gari. Usimpe dawa zako za maumivu: kidonge kimoja cha paracetamol huweza kumuua paka, na diclofenac humletea mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo.

Uvimbe mgumu usioisha kwa mbwa mzee, hasa akiwa anakunywa maji mengi na kukojoa sana, upimwe haraka. Huenda ni saratani ya kifuko, inayopandisha kalsiamu kwenye damu.

Tunawaomba wauzaji waulize swali moja kabla ya kutoa kidonge: umeangalia chini ya mkia? Na timu za chanjo ya kichaa cha mbwa, kuanzia Rungwe hadi Makete, zitumie nafasi hiyo mbwa akiwa ameshikwa, ziinue mkia na kumwambia mwenye mbwa kilichoonekana.

Wadau wa afya ya wanyama,
Uyole, Mbeya