Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Mazingira: lini mlituuliza tukakataa?

Mheshimiwa Waziri,

Yah: Kufutwa kwa vikao vya maoni kuhusu mradi wa mto

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natanguliza heshima zote zinazostahili cheo chako, nawe tafadhali zipokee mapema, maana sina hakika kama zitafika mwisho wa barua.

Juma lililopita ulitangaza kwamba vikao vya kukusanya maoni vimefutwa na mradi utaendelea kwa amri ya wizara, kwa sababu tabianchi haisubiri mijadala. Waliokuzunguka walipiga makofi. Mimi nilisikiliza redioni nikiwa nimekalia tofali, kwa kuwa viti vyangu vilikwenda na maji.

Papo hapo nikaikumbuka hotuba yako nyingine, ile ya kabla ya uchaguzi. Tulikuuliza kwa nini mpango wa kupunguza gesijoto, zile gesi zinazoipasha dunia joto, umefungiwa kabatini, ukatujibu kwa upole kwamba wananchi hawako tayari, na kwamba serikali ya kidemokrasia haiwezi kuwaburuza watu wake. Nimejaribu kuzipatanisha hotuba hizo mbili nimeshindwa. Hatua ikiwagharimu wakubwa, kikwazo ni sisi kwa kuwa tuna kura. Ikitugharimu sisi, kikwazo ni sisi tena kwa kuwa tuna mdomo. Lini hasa mlituuliza tukakataa?

Najua wazo hili, kwamba demokrasia ni kikwazo mbele ya tabianchi, si lako peke yako. Mwanafalsafa Mjerumani Hans Jonas, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu uwajibikaji, aliingiwa na shaka kama utawala wa kura unaweza kuwadai watu wajinyime kwa ajili ya vizazi ambavyo havijazaliwa. Mwaka 2010 mwanasayansi James Lovelock alisema huenda ikabidi demokrasia iwekwe kando kwa muda. Hofu yao siidharau. Sehemu ya hewa ukaa inayotoka leo itabaki angani kwa karne nyingi, na muhula wako, Mheshimiwa, utakwisha kabla watoto wangu hawajamaliza shule. Ambaye hajazaliwa hana kura, na anayeishi ng'ambo ya mpaka hana kura kwako hata kama moshi wako unamfikia.

Ila huyo mtawala mwenye hekima anayeamua bila kutuuliza, akikosea, nani atamwambia? Itazame Bahari ya Aral, lile ziwa la Asia ya Kati. Kuanzia miaka ya 1960 wapanga mipango wa Muungano wa Kisovieti waligeuza maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya yakamwagilie pamba. Hakuna mvuvi aliyekuwa na uwezo wa kuwazuia, wala gazeti la kuwaumbua. Ziwa lililokuwa la nne kwa ukubwa duniani likabaki vipande, na meli zikalala juu ya mchanga wenye chumvi. Walikuwa na kasi yote unayoitamani, na wataalamu pia.

Na hilo la "hawako tayari" nalo lilikwisha kupimwa. Ufaransa, kati ya 2019 na 2020, wananchi 150 waliochaguliwa kwa bahati nasibu waliwekwa pamoja, wakaelezwa sayansi ya tabianchi, wakabishana, wakatoka na mapendekezo 149, mengi yakiwa makali kuliko yale ambayo serikali yao ilikuwa imethubutu kuyagusa. Rais Macron alikuwa ameahidi kuyapeleka mbele bila kuyachuja. Yakachujwa. Mengine aliyakataa mwenyewe tangu siku ya kwanza, mengine yakapunguzwa makali mpaka sheria ya 2021. Sasa niambie, pale nani hakuwa tayari?

Kwa maoni yangu (mimi si msomi, nasoma tu nikikosa usingizi) maradhi ni mamoja. Demokrasia ilituahidi kwamba anayeguswa na uamuzi atakuwa na neno katika uamuzi huo. Tabianchi imetuonyesha kwamba wanaoguswa ni wengi kuliko waliomo ukumbini. Mtu mwenye akili timamu angeongeza viti. Ninyi mmefunga mlango hata kwa waliokwisha kukaa.

Wenzenu wameongeza. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilisema sheria ya tabianchi iliyosukuma mzigo wa kupunguza gesijoto mpaka baada ya 2030 iligusa uhuru wa vijana wa leo. Maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuhusu tabianchi, ya Julai 2025, yalianza na wanafunzi wa sheria wa visiwa vya Pasifiki, kabla nchi ya Vanuatu haijalifikisha ombi lao Umoja wa Mataifa. Profesa Wangari Maathai alianza na miche tu, kisha akagundua kwamba huwezi kuulinda mti bila kulinda haki ya watu kukusanyika na kusema. Na serikali zenu zilikwisha kukubali haya kwa maandishi: Azimio la Rio la 1992, lile la Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira, kanuni ya 10, linasema masuala ya mazingira hushughulikiwa vyema wananchi wote wanaohusika wakishirikishwa. Halikusema "ukipatikana muda".

Nirudi kwenye matope yangu. Maji yaliingia usiku yakitokea upande wa juu. Yalichukua godoro, madaftari ya watoto na cherehani iliyokuwa inatulisha. Yalichukua pia vitambaa vya wateja, na yupo bibi harusi ambaye mpaka leo anaamini nimeliuza gauni lake. Mtoto wa mwisho anakohoa tangu siku ile. Mimi nadhani ni lile tuta lililojengwa juu ya mto ndilo lililoyageuza maji kuja kwetu. Jirani anasema ni msitu uliokatwa, mwingine anasema mvua zenyewe zimebadilika, na huenda wote tuko sahihi. Tungejua, kama ile ripoti ya wataalamu uliyoahidi ingetolewa. Badala yake kila tukiuliza tunaambiwa "tabianchi", kana kwamba tabianchi ndiyo iliyotia saini kibali cha kujenga tuta.

Maoni yetu ya mwanzo tuliyaleta kwa maandishi. Mlitujibu kwamba yamepokelewa. Ahsanteni kwa kuyapokea.

Nilikusudia kudai vikao virudishwe, amri ifutwe, fidia ilipwe, na wanaopitisha mambo bila kutuuliza waje walale huku siku moja ya mvua. Nimeyapunguza yote yawe moja ili usipate shida ya kuchagua. Toa ripoti, Mheshimiwa. Itoe yote, pamoja na kurasa zinazotaja majina, kabla tingatinga halijawashwa. Tuisome, kisha utuite kikaoni. Tukikataa hapo kwa ujinga wetu, utakuwa na haki ya kutulaumu, na itakuwa mara ya kwanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi cherehani asiye na cherehani

Nakala: wote ambao maoni yao yamepokelewa