Kupima magonjwa ya zinaa kusiwe aibu

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Juzi nilienda kupima magonjwa ya zinaa, nimekaa kwenye benchi na kikopo cha mkojo mkononi, mara nesi akatoa kichwa mlangoni akaita kwa sauti "wa zinaa aingie", watu wote wakageuka, dada mmoja aliyekuwa nyuma yangu akainuka akaondoka zake bila kupima. Iliniuma sana, maana klamidia, mojawapo ya magonjwa hayo ya zinaa, mara nyingi haioneshi dalili yoyote na huku inaweza kuharibu mirija ya uzazi, wakati ikigundulika mapema inatibika kwa antibayotiki. Na ukikutwa nayo mwenzio naye atibiwe, la sivyo mtaambukizana tena. Jamani manesi, tuiteni kwa namba.