Kwa swahiba yangu aliyepewa timu

Swahiba yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema tangu upewe hao watu wanane unarudi nyumbani kila jioni umechoka kwa kutatua shida zao, na bado kazi haisogei. Umeniuliza ufanyeje. Nilianza kukuandikia jibu refu, nikalichana, maana nilikuwa nakufanyia jambo lile lile ninalotamani uliache. Basi nikusimulie yaliyonikuta mimi.

Kwenye timu yangu kulikuwa na kijana aliyechelewesha ripoti kila mwisho wa mwezi. Nilimshauri aanze mapema. Nikamchorea ratiba. Nikamkalisha chini nikamweleza jinsi ya kupanga siku yake. Kila mara aliitikia, "Sawa, bosi," na mwezi uliofuata ripoti ikachelewa tena. Mwezi wa nne ushauri uliniishia, nikamwambia tu: "Hebu nieleze, ripoti hii huwa unaiandaaje, tangu mwanzo kabisa?"

Akaeleza. Takwimu alizozitegemea zilitoka idara nyingine, nazo zilimfikia siku moja kabla ya tarehe ya mwisho. Utaratibu huo niliukubali mimi mwenyewe kikaoni, bila kumhusisha. Miezi mitatu nzima nilikuwa namtibu ugonjwa asiokuwa nao. Nilimwomba radhi. Akasema hakuwahi kulitaja kwa sababu alidhani najua.

Maneno hayo hayajanitoka hadi leo. Tunawafundisha vijana kwamba kuuliza si ujinga, lakini mtu akishapewa cheo anaona ni aibu kuuliza, kana kwamba amelipwa ili awe na majibu.

Utaniambia huna muda wa kusikiliza watu wanane. Mimi pia nilisema hivyo. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Beckman na Frankel, walichapisha uchunguzi wa mazungumzo ya madaktari na wagonjwa wao, na wakaona kwamba daktari alimkatiza mgonjwa baada ya wastani wa sekunde 18. Mwaka 2002 ukatoka uchunguzi wa Uswisi, ambako madaktari waliombwa wanyamaze mpaka mgonjwa amalize mwenyewe. Wastani ulikuwa sekunde 92. Dakika moja na nusu tu, swahiba! Mimi nilipoteza miezi mitatu kwa kukosa kuitoa.

Ila chunga unavyouliza. "Kwa nini" ikitoka kinywani mwa bosi ni mashtaka: "Kwa nini hukumaliza?" Hapo mtu anaanza kujitetea, na ukweli unajificha. Mimi siku hizi nasema, "Ilikuwaje?" Mabega yanashuka, mtu anasimulia. Akinyamaza nami nanyamaza, na hapo ndipo panaponishinda hata sasa, kwa sababu ulimi unawasha. Nikivumilia kidogo, mara nyingi linatoka lile jambo lenyewe, lile ambalo halikuwa kwenye sentensi ya kwanza.

Jihadhari pia na ushauri uliovikwa nguo za swali. "Huoni ingekuwa vizuri ungempigia mteja kwanza?" Hilo ni agizo, na kila mtu mezani analijua. Kama jibu tayari unalo, bora uliseme waziwazi kuliko kumtega mtu.

Na pale mtu anapotaka kujua tu fomu iko wapi, mwonyeshe. Kukiwa na hatari, toa amri. Sisemi ufiche unachokijua.

Sasa nami nina swali, na jibu lake kweli sinalo. Katika hao wanane, yupo mmoja ambaye kwenye barua yako umemtaja mara tatu bila kueleza lolote juu yake. Mara ya mwisho mlipokaa wawili mkazungumza, ilikuwaje? Niandikie yote, hata yale unayoona hayana maana.

Wako akupendaye daima.