Asante, Mama wa Rangi

Mama, umenikataza nisikutaje jina, nami natii. Lakini watu wajue.

Baada ya ajali ya bodaboda nililazwa Dar es Salaam, mkono wa kulia hauna nguvu, usingizi hauji, kazi ya uhasibu imeshakwenda. Ulikuja kumjulia hali mgonjwa wa kitanda cha pili ukaniona nimegeukia ukuta. Kesho yake ukaleta kipande cha hadibodi na rangi za mafuta za makopo, zilezile za wachoraji wa Tingatinga, ukanifunga brashi vidoleni kwa bandeji. Harufu ikatufukuzisha wodini, tukahamia barazani. Hukunisifia hata siku moja (ndege wangu walifanana na viatu!). Uliuliza tu, "Huyu anaogopa nini?" Nikajikuta nasimulia ajali ambayo hata mke wangu sikuwa nimemsimulia.

Nilipopata nafuu ukaniombea nafasi ya kujitolea wodi ya watoto, kisha ukanilipia ada ya mafunzo ya unasihi. Leo ndiyo kazi yangu. Hata mchoraji Mwingereza Adrian Hill, aliyeipa tiba ya sanaa jina hilo mwaka 1942, aligundua nguvu ya kuchora akiugua kifua kikuu.

Ndugu wasomaji, mwenye penseli za rangi zisizotumika awaulize wauguzi wa hospitali ya jirani kama wanazihitaji.