Barua ya wazi kwa msimamizi wa magofu ya kale, Wales

Mheshimiwa,

YAH: MAWE YA KUVUKIA CHINI YA NGOME YA OGMORE

Pokea salamu. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa vibao vya huko tayari vina Kiwelisi na Kiingereza. Lugha ya tatu haitavunja nguzo.

Jumapili moja mimi na mwanangu tuliingia ngomeni bila tiketi, tukitazamwa na kondoo tu. Gofu lenyewe ni dogo, unalimaliza chai ya chupa haijapoa. Lakini pale mnarani inua macho: meko ya Wanormani, wavamizi waliotoka Ufaransa, ingali ukutani, juu, na sakafu haipo. Utadhani walioota moto ule walikuwa wanaelea. Mwanangu aliuliza walipandaje na kuni.

Nikamsimulia ya mwaka 1116. Inasemekana Wawelisi walipokuja kushambulia, mwenye ngome, Mnormani William de Londres, aliiacha akaenda zake. Mtumishi wake wa vinywaji, Arnold, ndiye aliyebaki kuilinda, akatunukiwa u-Sir. Mtoto alicheka sana. Ya Gwenllian sikumwambia, binti mfalme aliyeongoza jeshi mwaka 1136 karibu na Kidwelly dhidi ya Maurice, mwana wa William huyo huyo, akashindwa na kukatwa kichwa. Mwanangu ana miaka saba, atayakuta.

Kisha tukavuka mto Ewenny kwa yale mawe, jiwe baada ya jiwe, hadi upande wa Merthyr Mawr. Hapo ndipo unapoelewa ngome inafanya nini pale: inalinda kivuko. Tukatembea, tukala mikate yetu, tukarudi. Mawe ya katikati hayapo! Mimi, mzaliwa wa Tanga, niliyejua maji kujaa na maji kupwa kabla ya kujua saa, nilisahau kuuliza. Na Mlango-bahari wa Bristol, ambao maji yake hupanda hadi mtoni hapo, si wa kufanyia mzaha. Bamvua lake, yaani maji makuu ya mwezi mpya na mpevu, hupandisha maji zaidi ya mita 10. Kosa ni langu. Tukazunguka kwa barabara, mtoto mgongoni, viatu vinalia chwa chwa.

Ombi langu ni kibao kidogo kila upande wa mawe, chenye saa za maji kujaa. Basi. Uzio, geti na kibanda cha tiketi tafadhali msituletee, maana utamu wa pale ni kuingia kama unaingia kwa jirani.

Mkitaka na Kiswahili kwenye kibao, nitatafsiri bure.

Wako,
Mkazi wa Cardiff