Kwa vijana wa Lewiston mliopanda basi kwenda Augusta

Wanangu na wajukuu wangu,

Nawaandikia hasira ikiwa bado haijanitoka, mnisamehe. Juzi tuliondoka hapa watu 34, dakika 40 barabarani, kwenda Augusta, makao makuu ya jimbo letu la Maine hapa Marekani, kusema mbele ya kamati ya Bunge juu ya mswada wa msaada wa kodi ya nyumba. Mlivaa vitenge, mkapendeza kweli. Mkapiga picha chini ya kuba la jengo la Bunge, mkazituma hadi Bujumbura. Mwenyekiti wa kamati alipofika kwenye majina yetu, nilikuwa nimebaki na mama mmoja na binti yake wa kumkalimania. Ninyi mlikuwa mmesharudi kwenye basi, mnalia njaa.

Yule mama alisimama na karatasi ya mwenye nyumba, imekunjwa mara nne. Dakika 3 tu, na ukalimani ukazila nusu. Akataja anacholipa, akataja watoto wangapi wanalala chumba kimoja, akakaa. Seneta mmoja aliyekuwa anachezea simu tangu asubuhi akaiweka chini, akamuuliza swali. Swali moja hilo ndilo tulilopata siku nzima.

Sikilizeni basi. Bunge la Jimbo la Maine lina wawakilishi 151 na maseneta 35, lakini ule ukumbi mlioupiga picha si jikoni. Jikoni ni kwenye kamati, wajumbe 13, maseneta na wawakilishi wamechanganyika. Mswada ukipelekwa huko huwekewa kikao cha wazi, na yeyote anaruhusiwa kusema, hata anayengojea hifadhi, hata asiyepiga kura. Kisha wao hukaa kikao cha kazi, wanakata hapa, wanaongeza pale, wanapiga kura kama mswada unafaa kupita au la. Ukifika ukumbini umeshaiva.

Na hata ukipita, msikimbilie kuchinja. Mswada unaotaka pesa, baada ya kupitishwa na Baraza la Wawakilishi, hukwama Seneti kwenye kitu wanachokiita meza ya matumizi, ukisubiri kamati ya bajeti igawe kilichobaki. Mingi hufia hapo Bunge likifungwa, bila hata mtu kusimama kuipinga. Mwaka mmoja tulisikia mswada wetu umepita, tukachinja mbuzi. Mbuzi akaliwa, mswada ukafia mezani. Hotuba ya shukrani niliitoa mimi mwenyewe, nimevaa koti.

Mengine kwa haraka. Vibali vya kazi hutolewa na serikali kuu ya Washington, msiwapigie kelele watu wa Augusta. Gavana akiletewa mswada ana siku 10 za kuamua. Akiukataa, theluthi mbili za Baraza la Wawakilishi na theluthi mbili za Seneti zinaweza kumshinda. Sheria isiyo ya dharura huanza kazi siku 90 baada ya Bunge kuahirishwa. Mwakilishi huchaguliwa kila miaka 2. Mpigieni simu, si mfalme.

Lakini haya ya kupiga picha na kurudi kwenye basi mliyajifunzia wapi? Kwetu sisi wazee. Nyumbani Uvira, kule Kongo, bunge la jimbo lilikuwa Bukavu, na ndilo lililomchagua gavana. Sisi tulisubiri redio itutangazie. Tukazoea kwamba mkubwa haendewi mikono mitupu, na kwamba ukishamwona na kupiga naye picha, kazi imekwisha. Tabia hiyo tumevuka nayo bahari. Leo kila kijiji tulichotoka kina chama chake hapa, chenye rais, makamu wa rais na muhuri. Waulize namba ya mswada, watatazamana. Mimi nimekuwa rais wa viwili.

Siwachukii, wanangu. Mnajua Kiingereza kuliko sisi, mnajua kufungua tovuti ya Bunge kwa simu na kutuma ushuhuda wa maandishi usiku kabla hata hamjalala. Binti wa yule mama ana miaka 15.

Kikao cha kazi ni Jumanne. Siku hiyo umma hausemi mpaka uulizwe, lakini viti vya nyuma viko wazi, na wajumbe huwa wanaangalia nani amekuja. Yule mama atatoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee na kupanda moja kwa moja. Basi linaondoka saa 2 asubuhi. Bebeni chakula.