Kwa mdogo wangu anayekwenda kupanda Hell's Gate

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Umeniambia kwamba ukuta wa ndani pale Nairobi umeshauzoea, na sasa wewe na wenzako mnakwenda kupanda mwamba wenyewe Hell's Gate, Naivasha. Umeuliza kama kamba ya mita 60 inatosha na mbebe kwikidro ngapi. Nakujibu hadharani kwa sababu wanaouliza hayo ni wengi, na wachache mno huuliza lile kubwa zaidi: nikishafika juu, nashukaje?

Tuanze na kamba. Mnara wa Fischer, mwamba uliosimama peke yake pale, una kimo cha mita 25 hivi. Kamba hupanda na kurudi, kwa hiyo mita 50 zinaliwa, na ya 60 inawatosha hapo. Lakini ipimeni. Kamba ya kuazima huwa imeshakatwa ncha zilipochakaa, na iliyoandikwa 60 huenda imebaki 54. Ihesabuni pima kwa pima, mikono ikiwa imenyooshwa, kisha mtazame alama ya katikati kama bado iko katikati kweli. Halafu ncha ya chini ipigwe fundo kabla mtu hajaacha ardhi. Mshika kamba hutazama juu, haoni ncha inavyomkaribia. Ikichomoka kwenye breki, yaani kifaa chake cha kubania kamba, anayeshushwa anaanguka urefu wote uliobaki. Hata Grigri, breki inayojibana yenyewe, haiwezi kushika kamba ambayo haimo ndani yake. Fundo hilo ni kazi ya sekunde kumi, na sitaki kusikia kwamba mliliruka.

Kwikidro, yaani zile karabina mbili (pete za chuma zenye mlango) zilizounganishwa kwa utepe mfupi: hesabu boliti, vile vyuma vilivyokazwa mwambani, ukiwa chini, ongeza mbili za nanga ya juu, pale njia inapoishia, na moja ya akiba. Kumi na mbili zinatosha njia nyingi za kimo hicho. Ila jua kwamba kuta kubwa za pale hupandwa zaidi kwa vifaa vya kupachika kwenye nyufa, na hayo hamjafunzwa. Waulizeni wapandaji wenyeji walio mnarani ni njia zipi zina boliti, mkae kwenye hizo. Kila boliti iguse kabla ya kuiamini. Bamba linalozunguka, kutu iliyovimba, au mwamba unaolia kama mtungi mtupu ni sababu ya kushuka. Ukipitisha kamba kwenye kwikidro, itoke upande wa mwamba ije kwako. Ikipita kinyume, ukianguka inaweza kujifungua yenyewe. Na mguu usikae nyuma ya kamba, maana itakupindua kichwa chini. Helmeti wavae wote, hata aliye chini.

Sasa juu. Utakuta boliti mbili zenye pete, na pete haina mlango, kwa hiyo kamba lazima ipenyezwe. Ndani ya jengo hukuwahi kulifanya hili, kwa sababu kule kamba hukuta imeshapitishwa. Kishawishi ni kufungua fundo lako upesi uipenyeze. Hapo ndipo kamba huponyoka, ikaenda zake hadi chini, nawe ukabaki unaning'inia.

Fanya hivi. Jifunge kwenye boliti zote mbili kwa utepe wako wenye karabina za kufuli. Kaa, uzito wote uingie kwenye utepe. Usipande juu ya boliti ukiwa kwenye utepe huo: hauvutiki kama kamba, na kuanguka juu yake hata mita moja ni pigo la kuvunja. Omba kamba kama mita moja na nusu. Ikunje iwe kitanzi, kisukume kitanzi kipite ndani ya pete zote mbili, kipige fundo la nane (lenye umbo la tarakimu 8), kitie karabina ya kufuli, na karabina hiyo iingie kwenye kitanzi cha mbele cha hanesi, ule mkanda wa kiunoni na mapajani. Zungusha kufuli mpaka mwisho. Sasa, na si kabla, fungua fundo la mwanzo na uchomoe mkia kwenye pete. Uzuri wake ni kwamba mshika kamba hajakuachia hata nukta moja.

Kabla ya kuondoa utepe, sema "Kaza!" Jivute karibu na nanga mpaka uzito uhamie kwenye kamba na utepe ulegee, huku bado umefungwa. Tazama kamba inavyokwenda: kutoka kwako, ndani ya pete, hadi kwa mwenzako. Utepe usipolegea kuna kosa mahali. Tulia ulitafute, kwa maana bado uko salama. Ukilegea, ondoa kwikidro, kisha utepe, ushushwe. Pete zikiwa nyembamba kitanzi hakipiti, na ufundi wake ni mwingine. Ujifunze huo pia kwa mwalimu. Yote mawili yafanyieni mazoezi ardhini, pete zikiwa usawa wa kifua, mpaka mikono ifanye bila kuulizana na kichwa.

Kubalianeni maneno kabla ya kupanda. Aliye juu akisema "Nimejifunga," wa chini asidhani ameambiwa "Niachie," akatoa kamba kwenye breki. Upepo wa bondeni humeza nusu ya sentensi. Mimi ningeweka sheria moja: wa chini haachii kamba kamwe mpaka miguu ya mwenzake iguse ardhi.

Mahali penyewe: jua hukausha koo mapema, basi anzeni asubuhi. Chakula kisiachwe wazi, nyani wapo, na nyati pia, kwa hiyo msitangetange vichakani. Tai hutaga kwenye kuta. Mkiona kiota, achaneni na njia hiyo. Mkitaka kushuka kwenye korongo lenyewe baada ya kupanda, ulizeni askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwanza. Watu 7 walisombwa humo wakafa Aprili 2012, na wengine 7 Septemba 2019. Maji huteremka kutoka mvua iliyonyesha mbali, na kuta ni nyembamba, hakuna pa kukimbilia. Mawingu yakijikusanya upande wowote, msiingie.

Na mkimaliza, kabla ya kuvuta kamba, hakikisheni ncha itakayopanda haina fundo lolote. Lile la usalama mlilolipiga asubuhi likisahaulika, litakwama kwenye pete mita 25 juu yenu, na atakayepanda kulifuata hatakuwa na kamba ya kumshika.